Mtihani wa Kijana Huanzia Nyumbani

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Novemba, maelfu kwa maelfu ya vijana wa Tanzania huingia katika vyumba vya mitihani kufanya mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne. Siku hizo nyumba nyingi hushikwa na wasiwasi. Dua huombwa misikitini na makanisani, wazazi huamka alfajiri kuwasindikiza watoto wao, na baba ambaye kwa miaka minne hakuwahi kufunua daftari la mwanawe huonekana akimshika bega na kumwambia, "Usituangushe." Maneno hayo hutoka moyoni, wala hapana wa kuyabeza. Lakini hapana budi kuuliza: huyo anayeambiwa asiwaangushe wenziwe, je, wenziwe walimshika?

Swali hilo linamhusu kila mzazi, na linawahusu zaidi watumishi wa umma na walimu. Hao ndio waliokwisha kuipita njia hiyo. Karani, mhasibu, muuguzi, bwana shamba na mwalimu, kila mmoja wao anakijua chumba cha mtihani, na anajua ni nini kilichomfikisha pale alipo. Majirani huwatazama jinsi wanavyolea. Iwapo katika nyumba ya mwalimu mtahiniwa hana saa moja ya utulivu kwa siku, mkulima aliye jirani naye atajifunza kwa nani?

Msaada anaouhitaji kijana kutoka kwa mzazi wakati wa kudurusu ni mambo manne: muda, mahali, usingizi, na sikio la kumsikiliza. Ujuzi wa Fizikia na Hesabu ni kazi ya mwalimu. Mambo hayo manne mwalimu hawezi kuyapeleka nyumbani kwa kila mwanafunzi wa kutwa, na yasipokuwapo, kazi kubwa ya mwalimu hupotea njiani kati ya shule na nyumbani.

LAWAMA ZA MWAKA 2013

Taifa halijasahau mwezi wa Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume kuchunguza jambo hilo, na mwezi wa Mei mwaka huo huo ikaagiza matokeo hayo yafutwe na kupangwa upya. Katika miezi ile lawama zilirushwa huku na huku. Walimu walilaumiwa, Wizara ililaumiwa, Baraza la Mitihani lililaumiwa, na vijana wenyewe wakaitwa wavivu.

Mengi katika lawama hizo yalikuwa na msingi. Shule zisizo na walimu wa kutosha wa Sayansi, maktaba zisizo na vitabu, na madarasa yaliyojaa kupita kiasi ni mambo ambayo mzazi mmoja hawezi kuyaondoa kwa juhudi ya jioni moja. Hata hivyo, katika kuvihesabu vyanzo vya kushindwa, ni rahisi kuisahau nyumba. Mwanafunzi wa kutwa hurejea kwao kila siku alasiri, na hukaa huko hadi alfajiri ya siku ya pili. Yanayotendeka katika saa hizo hayaandikwi katika ripoti ya mkaguzi yeyote, lakini huonekana katika karatasi ya majibu.

ADA NA TUISHENI

Kuanzia Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za umma hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikapelekwa hadi Kidato cha Tano na cha Sita. Hatua hiyo iliwafungulia mlango vijana wengi ambao wangebaki nje kwa kukosa ada. Lakini kuondolewa kwa ada hakukumwondolea mzazi wajibu. Wapo waliotafsiri kwamba elimu bila ada ni elimu bila mzazi. Hiyo ni tafsiri potofu, na wanaoumia kwayo ni watoto.

Upande wa pili wapo wazazi wenye mishahara ambao hudhani kwamba wajibu wao hukamilika pale wanapolipa. Hao humlipia kijana tuisheni ya jioni, humlipia nyingine ya Jumamosi, na likizo ikifika humtafutia kambi ya masomo. Kijana hutoka darasa moja akaingia jingine, akinakili maelezo juu ya maelezo, bila kupata hata saa moja ya kukaa peke yake na kujiuliza ameelewa nini. Tuisheni ina faida yake kwa mwanafunzi aliyekosa mwalimu wa somo fulani, au aliyeachwa nyuma kwa ugonjwa. Lakini kudurusu ni kazi ya kichwa cha mwanafunzi mwenyewe, na kichwa hicho kinahitaji nafasi ya kuifanya. Mzazi anayelipa tuisheni tatu na asijue mwanawe ana udhaifu katika mada gani amenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

KUSOMA NA KUKUMBUKA

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kumbukumbu. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kiasi gani kilichobaki kichwani. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza ilikuwa imetoweka, na baada ya siku moja takriban theluthi mbili. Somo lenye maana halipotei upesi kama silabi tupu, lakini kanuni ni ile ile: lisilorudiwa husahauliwa, na sehemu kubwa husahauliwa mapema.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2006, wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Habari moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaiweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, habari iliyosomwa mara mbili ilikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: katika habari iliyosomwa mara mbili zilikumbukwa sehemu 42 hivi katika kila 100, na katika ile waliyojipima zilikumbukwa 56.

Jaribio hilo lina fundisho kubwa kwa kila nyumba yenye mtahiniwa. Kijana anayelisoma daftari lake tena na tena huona maneno yote ni ya kawaida machoni pake, akadhani anayajua. Kuyatambua maneno yaliyo mbele ya macho ni jambo jepesi. Kuyatoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni jambo jingine, na hilo ndilo litakalotakiwa katika chumba cha mtihani. Kwa hiyo kudurusu kwenye manufaa ni kule kwa kufunga daftari na kujiuliza. Tena ni kule kunakorudiwa kwa vipindi. Mada ya Jiografia iliyosomwa Jumatatu iulizwe Jumanne, iulizwe tena Ijumaa, na iulizwe mara nyingine baada ya majuma mawili. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana anayeanza Februari kwa nusu saa kila siku atamshinda anayekesha Oktoba nzima.

VIDOLE VYA MAMA

Hapa ndipo inapovunjika ile hoja ya wazazi wengi kwamba, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Mzazi asiyejua hata herufi moja anaweza kumpima mwanawe, na kumpima vizuri. Mama anayechambua mchicha jikoni anaweza kumwambia binti yake afunge daftari na amweleze alichojifunza siku hiyo. Binti akisema kwamba mmomonyoko wa udongo una sababu tano, mama ataanza kukunja vidole. Vikikunjwa vinne na binti akanyamaza, mama atasema, "Umesema tano, nimesikia nne." Binti atarudi kwenye daftari lake kuitafuta ya tano, na sababu hiyo ya tano hataisahau tena.

Mama huyo hakuhitaji cheti. Alihitaji vidole vyake, dakika 10, na moyo wa kusikiliza. Anaweza kuongeza maswali mawili ambayo yanafaa kwa kila somo: "Kwa nini iwe hivyo?" na "Nipe mfano wa hapa kwetu." Kijana anayeweza kumweleza mzazi wake jinsi mbolea inavyorutubisha shamba la nyuma ya nyumba ameielewa Kilimo na Kemia kwa pamoja. Anayebabaika amejua ni wapi pa kurudia. Na kijana anayefundisha, hata kama mwanafunzi wake ni mama anayechambua mboga, hujifunza mara mbili.

Jambo hilo si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni za kisomo zilizofuata wazee walikaa chini ya miembe na katika madarasa ya jioni wakifundishwa kusoma na kuandika, na wengi wa walimu wa kujitolea walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Wazee wale hawakuona haya kuelezwa jambo na mtoto. Mzazi wa leo hana sababu ya kuona haya ambayo babu yake hakuiona.

Kwa mtumishi na mwalimu, wajibu ni mkubwa zaidi, na hatari yake ni nyingine. Wao wanajua, na kwa sababu wanajua huwa wepesi wa kumkatiza kijana kabla hajamaliza, kumpa jibu, au kumwambia kwamba zamani wao walilijua jambo hilo wakiwa darasa la sita. Mzazi msomi na ajizuie. Kazi yake katika saa hiyo ni kuuliza na kungoja.

MSICHANA NA NDOO

Hakuna jambo linalopima ukweli wa mapenzi ya wazazi kama mgawanyo wa kazi za nyumbani. Katika nyumba nyingi, mjini na kijijini, watahiniwa wawili, kaka na dada, hurejea kutoka shule ile ile kwa wakati mmoja. Kaka huvua viatu, hula, akaenda uwanjani au akachukua kitabu. Dada huchukua ndoo. Akirudi kisimani huosha vyombo, hubandika ugali, humwogesha mdogo wake, hupakua, na huosha vyombo tena. Anapokaa kwenye kitabu ni saa 4 za usiku, na macho hayamtii. Novemba ikifika, wote wawili hupewa karatasi moja na saa zile zile tatu. Matokeo yakitoka, jamaa husema kijana wa kiume ndiye mwenye akili.

Huo ni udhalimu, na mahali pake pa kurekebishwa ni mezani pa chakula. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilifundisha kwamba kazi za mikono ni sehemu ya elimu, na fundisho hilo lingali na maana. Haifai kijana alelewe kama mgeni asiyegusa ufagio. Lakini kazi ikiwa ni malezi, basi ni malezi kwa wote. Mvulana ana mikono ya kubeba ndoo, na baba aliyetoka kazini anaweza kumwogesha mtoto mdogo. Katika mwaka wa mtihani mtahiniwa na aachiwe kazi nyepesi yenye saa maalumu, na zilizobaki zigawanywe kwa walio wengi. Familia inayoweza kukaa na kupanga arusi kwa kamati haishindwi kupanga ni nani ataosha vyombo kati ya saa 1 na saa 3 za usiku.

Maneno hayo yanahusu pia mabinti wa jamaa waliochukuliwa kijijini kuja kusoma mjini kwa shangazi au mjomba. Mara nyingi hao hugeuka kuwa watumishi wa nyumba wanaovaa sare za shule. Aliyemchukua mtoto wa nduguye kwa ahadi ya kumsomesha anadaiwa ahadi hiyo.

MWANGA, SIMU NA USINGIZI

Mahali pa kusomea si lazima pawe chumba cha peke yake. Meza moja, au kona ya sebule, au kibaraza cha jirani mwenye taa nzuri, hutosha ikiwa kila aliyemo nyumbani anajua kwamba saa fulani hadi saa fulani mahali hapo ni pa masomo. Redio na televisheni zizimwe au zipunguzwe. Wageni wapokewe nje. Umeme umekwisha kuvifikia vijiji vingi, na taa ndogo za mwanga wa jua zinauzwa katika minada na masoko. Mzazi mwenye kipato anaponunua ya kwake na akumbuke kwamba koroboi lenye moshi huumiza macho na kifua cha anayeliinamia kwa saa mbili. Pasipo na mwanga wa kutosha usiku, alfajiri na jioni kabla ya giza zitumike kwa masomo, na kazi za nyumbani zisogezwe.

Simu ya mkononi ni jambo linalohitaji busara. Ndani yake mna mitihani ya miaka iliyopita na maelezo ya mada nyingi, na ndani yake pia mna picha na mazungumzo yasiyokwisha. Kumnyang'anya kijana simu kwa ugomvi hakumfundishi kujitawala. Lililo bora ni kuwa na saa ambayo simu zote za nyumba, ya baba na ya mama zikiwamo, zimewekwa kabatini. Kijana huona ni dhihaka kukatazwa simu na mtu ambaye mwenyewe hainui uso kutoka katika kioo cha simu yake.

Kuhusu usingizi, wataalamu wa afya hupendekeza kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Usingizi ni sehemu ya kujifunza, kwa kuwa katika usingizi ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Ile desturi ya kumsifu kijana kwa kukesha, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, haina faida. Anayekesha usiku husinzia darasani mchana, na hukosa yote mawili. Mzazi anayemwona mwanawe bado ameinamia kitabu saa 6 za usiku na azime taa bila kusita. Kwa vijana wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, hesabu ya usingizi ianzie kwenye saa ya kuamka na kurudi nyuma.

LUGHA YA MTIHANI

Mzigo mmoja ambao mtahiniwa wa Tanzania huubeba ni lugha. Aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili huingia sekondari akakuta masomo mengi yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mjadala juu ya jambo hilo ni wa miaka mingi na si wa kumalizwa hapa. Mtahiniwa wa mwaka huu hawezi kuungoja uishe.

Nyumbani panaweza kumsaidia kwa njia mbili. Kwanza, aelewe jambo kwa lugha anayoifikiria, yaani Kiswahili, kisha aliandike kwa lugha ya mtihani. Kijana anayekariri sentensi za Kiingereza asizozielewa amebeba gunia asilojua lina nini. Pili, ajifunze maneno ya amri yanayotumika katika maswali: yale yanayomtaka ataje, aeleze, atofautishe, au ajadili. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na lawama inayojirudia katika taarifa hizo ni kwamba wengi hujibu jambo ambalo hawakuulizwa. Mzazi anayekijua Kiingereza na achukue maswali 10 ya miaka iliyopita, na amwombe kijana aseme kwa Kiswahili kila swali linataka nini, bila hata kulijibu. Zoezi hilo la nusu saa laweza kuokoa alama nyingi.

VITISHO NA NJIA ZA MKATO

Wapo wazazi ambao msaada wao wote ni vitisho. Kijana huambiwa kwamba akishindwa asirudi nyumbani, au kwamba atapelekwa shamba, kana kwamba shamba ni gereza na si kazi inayolilisha Taifa. Wengine humlinganisha na mtoto wa jirani kila chakula kinapopakuliwa. Woga wa namna hiyo hauzai akili. Humfanya kijana afiche karatasi za majaribio alizofanya vibaya, na mzazi akakosa kuuona ufa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana na ajue kwamba karatasi yenye alama 23 inaweza kuletwa mezani bila kupigiwa kelele, na kwamba swali la kwanza la mzazi litakuwa, "Ni lipi hapa hukulielewa?"

Vibaya zaidi ni wale wanaotafuta njia ya mkato. Kila msimu wa mitihani hujitokeza matapeli wanaodai kuuza maswali, na jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya wanaotoa fedha ni wazazi, pengine wenye vyeo. Mara nyingi karatasi hizo ni za uongo. Zikiwa za kweli, mtahiniwa anayekamatwa hufutiwa matokeo, na miaka minne ya jasho huishia hapo. Lakini hata asipokamatwa, amefundishwa na baba yake mwenyewe kwamba jasho ni la wajinga. Mtumishi wa umma anayemfundisha mwanawe hivyo analiandalia Taifa mtumishi mla rushwa wa kesho.

MWALIMU NA MZAZI

Ushirikiano wa shule na nyumbani husemwa sana na kutendwa kidogo. Mikutano ya wazazi katika shule nyingi huwa ni ya michango na matangazo. Mwalimu mkuu husoma mahesabu, mzazi mmoja hulalamika, na watu wakatawanyika. Inafaa kila mkutano wa namna hiyo utengewe saa moja ya wazazi kuonana na walimu wa masomo, na kila mzazi aondoke na mambo matatu yaliyoandikwa: mada ambazo mwanawe ni dhaifu, kitabu au maswali ya kufanyia mazoezi, na siku ya kuulizana tena. Kwa mzazi asiyejua kusoma, mwalimu amweleze kwa mdomo mbele ya kijana mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba maendeleo ya mwanafunzi shuleni huhesabiwa katika matokeo yake ya mwisho. Kwa hiyo anayengoja Novemba amekwisha kuchelewa.

Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao. Mtumishi anayeomba ruhusa ya nusu siku kwenda shuleni kwa mtoto wake asionekane mtoro. Na pale ambapo uhamisho wa mtumishi hauna budi kufanyika, mzazi na afikiri sana kabla ya kumhamisha mtahiniwa. Watahiniwa husajiliwa katika vituo vyao miezi mingi kabla ya mtihani, na kijana anayeng'olewa katikati ya mwaka hupoteza walimu, wenzake wa kudurusu nao, na utulivu. Mara nyingi ni heri abaki kwa jamaa mwaminifu hadi amalize.

JUMA LA MWISHO

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika juma la mwisho hakuna mada mpya inayoingia ikakaa. Kazi ya mzazi wakati huo ni ndogo na ni kubwa: kuhakikisha kwamba kijana analala, anakula chakula alichokizoea, na haletewi habari za ugomvi, madeni au misiba isiyomlazimu kuijua. Ratiba ya Baraza ibandikwe ukutani ili watu wote wa nyumba wajue ni siku gani ana mtihani wa asubuhi na ni siku gani wa mchana. Kalamu mbili, rula na mkebe wa hesabu viwekwe tayari usiku. Mtihani wa asubuhi huanza saa 2:00. Anayetegemea basi na aondoke mapema kama anayekwenda safari.

Akirudi baada ya mtihani wa kwanza, asihojiwe swali moja moja kama mtuhumiwa. Lililoandikwa limeandikwa, na kesho kuna karatasi nyingine. Apewe chakula, apumzike, kisha aandae la kesho.

Mambo yote hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji mzazi aliye nyumbani kwa mwili na kwa moyo, jioni baada ya jioni, kuanzia mwanzo wa mwaka. Taifa linajenga madarasa, linaajiri walimu na linachapa vitabu, na lazima liendelee kufanya hivyo kwa kasi zaidi. Lakini hakuna Serikali inayoweza kukaa jikoni na kukunja vidole wakati binti anapozitaja sababu tano. Kazi hiyo ni ya mzazi, na wakati wa kuianza ni jioni ya leo.